Sekunde Kumi na Moja

Baba aliiba picha za Ismay.
Nasema hivyo bila kuzungukazunguka;
marehemu wote wawili wanisamehe.

Alikuwa fundi mitambo wa sinema, Moshi mjini,
miaka ile ya sukari kwa foleni.
Filamu zilikuja kwa treni, zimechoka, zimekwaruzika,
zikalala siku nne, zikaenda zao Tanga.
Ilipofika ile ya hospitali ya London
akamwona muuguzi anafungua mlango,
anasema, "Daktari yuko njiani," anafunga.
Sekunde kumi na moja. Basi.
Baba akaruka kitini: yule si mke wa Temu?
Yule anayenunua kungumanga sokoni Mbuyuni,
anainusa kwanza, macho kafumba,
kama mtu anayesoma barua?

Ndiye. Ismay Baptiste wa Grenada,
binti wa mbangua kungumanga,
aliyevuka maji na sanduku moja na sauti.
London ikampa aproni.
Miaka kumi na minne jukwaani, aproni:
yaya, mpishi, kijakazi, kijakazi tena;
mara moja malkia,
kwa kuwa malkia mwenyewe kashikwa na mafua.
Siku mbili. Kisha jikoni.

Akaolewa na Eliaringa Temu, mwonja kahawa,
mtu wa kunywa na kutema kutwa nzima
na kusema kweli jioni.
Wakapanda Kibosho. Akasimama kihambani akicheka:
amezunguka nusu ya dunia
kuja kukuta migomba ya mama yake.

Mama mkwe hakucheka.
Miaka sita alimsalimia kwa kidevu.
"Huyu kazi yake ni kujifanya," alisema.
"Leo kajifanya mke."

Ismay akaokota watu:
washonaji wawili, karani wa kahawa,
mwalimu wa hesabu mwenye kigugumizi,
na mimi, mtoto wa kuvuta pazia.
Pazia lilikuwa magunia ya chama cha ushirika;
ukilivuta, unapiga chafya.
"Ninyi mna bahati," alituambia,
Kiswahili chake kikichechemea,
"hata mlima wenu ni mwigizaji.
Hutoka alfajiri, dakika tano, hajipendekezi kwa mtu,
halafu pazia."

Usiku wa mchezo alikuwa mkosaji,
jani la isale mkononi,
magoti chini mbele ya kiti kitupu.
Kichaga chake, jiwe ndani ya kiatu.
Watu wakacheka.
Halafu hawakucheka.

Kile kiti kilitakiwa kibaki kitupu.
Ndivyo tulivyofanya mazoezi.
Lakini benchi la tatu likalia kwa kuachwa,
na mama mkwe akapanda jukwaani, viatu mkononi,
akakikalia,
akalichukua lile jani.
"Isale haikataliwi," akasema
kwa hasira, kama mtu aliyedaiwa mbele za wageni.
Mimi kamba mkononi,
sijui nivute au nisivute.

Tumemzika Jumanne, hatua nne kutoka kwa mama mkwe.
Jana nimefungua kopo la maziwa ya unga
ambalo Baba alikataza lisiguswe.
Alikata kile kipande chote kwa wembe,
akaunga ncha, akafunga mzigo.
Watu wa Tanga walimwona daktari
akiingia bila kutangazwa.
Kumpa mwenyewe, akaona haya.
Miaka thelathini aliona haya,
na kila Jumapili wakipeana mkono mlangoni mwa kanisa.

Nimeuinua ukanda dirishani.
Picha mia mbili sitini na nne,
kila moja Ismay, mdogo kama ukucha.
Nimehesabu hadi mia na tatu, nikaishia hapo:
mlango nusu, mdomo nusu,
na huyo anayekuja
bado yuko njiani.